Maji ya Chini ya Pipa

Kitangari ya kiangazi hunukia salfa. Mikorosho inapoanza kutoa maua, wenye mashamba huamka alfajiri, umande ukiwa bado majanini, wakaupuliza ule unga wa manjano kuzuia ukungu, na upepo ukautawanya kijiji kizima. Harufu yake iliingia kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye ugali wa muhogo. Sisi watoto tuliijua kuwa ni dalili ya mambo mawili: kwanza, korosho zinakuja na pengine mtu atapata gauni jipya; pili, maji yanakwisha. Nchi yetu ile ya juu, upande wa Newala, ni mchanga mwekundu unaokunywa mvua yote bila kubakiza mto wala kijito. Mwenye nyumba ya bati alichimba kisima uani, akakisakafia kwa saruji na kukinga mvua ya masika. Mwenye nyumba ya nyasi alikinga sufuria na beseni, akamshukuru Mungu kwa alichokipata. Kiangazi kilipokomaa, hata vile visima vya saruji vilisikika vikikwanguliwa kwa ndoo, na hapo watu wote, wa bati na wa nyasi, waligeuza nyuso zao kuelekea bondeni.

Mama yangu ndiye aliyewatekea wengi maji huko bondeni. Baba alikuwa ameondoka kwenda Kilwa kufanya kazi ya chumvi nilipokuwa darasa la pili, na salamu zake zilipungua mwaka hadi mwaka mpaka zikakoma. Alituachia baiskeli nyeusi, nzito, isiyo na breki. Mama hakujua kuipanda, aliisukuma. Alfajiri nilimsikia akiyafunga madumu matupu kwa mipira ya tyubu, yakigongana, kisha sauti ikafifia njiani. Aliteremka mpaka kwenye chemchemi, akapanga foleni na wanawake wenzake, halafu akaupanda mlima akiisukuma ile baiskeli kwa kifua na mabega, akiweka jiwe nyuma ya gurudumu kila alipotaka kupumua. Alifika nyumbani jua limeshakuwa kali. Maji aliyamimina kwenye pipa lililosimama jikoni, akalifunika kwa ubao, na kutuonya mimi na mdogo wangu Bakari tusiliguse wala tusilitikise. Jioni wateja walikuja na ndoo zao. Mama alichota kwa kata, polepole, kama anayetoa yai kwenye kiota, akiyapitisha maji kwenye kipande cha kanga alichokifua kila siku. Watu waliyasifu maji yake. Walisema maji ya Mama Asumini mtu anayanywa akiona chini ya kikombe. Asumini ni mimi, na kila niliposikia jina langu limefungwa kwenye sifa ile nilijiona mkubwa.

Kata ilipoanza kugonga chini ya pipa, mama alikoma kuuza. Yaliyobaki aliyainua pamoja na pipa lenyewe, akayamimina kwenye mtungi wetu uliokuwa karibu na mlango. Kifuniko cha mtungi kilikuwa kimevunjika, tukaufunika kwa sinia lisilolingana nao. Nililiona tendo hilo kila jioni, kama mtu anavyowaona kuku wakiingia bandani, wala halikunipitisha wazo lolote. Mimi nilidhani maji ni maji. Sikujua kwamba nyumbani kwetu kulikuwa na maji ya aina mbili.

Mwaka nilipoingia darasa la tano alikuja mwalimu mpya wa sayansi, Mwalimu Hilda, binti wa mwinjilisti kutoka upande wa Masasi. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na siku ya kwanza tulimdharau kwa sababu hakuja na fimbo. Alikuja na debe. Ndani ya debe mlikuwa na mchanga, majani ya mikorosho yaliyonyauka, mbu wa mikorosho waliokufa, wale wadudu wafyonzao machipukizi, na balbu iliyoungua. Aliitoa balbu ile sehemu yake ya chuma kwa uangalifu, akaijaza maji, akaiziba kwa nta, kisha akatuita mmoja mmoja tumtazame sisimizi kupitia humo. Sisimizi akawa mnyama. Alikuwa na kiuno, na vinywele miguuni, na kichwa chenye hasira. Tulisukumana kugombea zamu, na Mwalimu Hilda akatuacha tusukumane kidogo kabla ya kututuliza. Kabla yake, sayansi ilikuwa maneno ya ubaoni tuliyoyanakili tukiwa tunasinzia. Pamoja naye tuliotesha kunde kwenye makopo, mengine gizani na mengine juani, tukalia kweli kweli zile za gizani zilipotoka ndefu na nyeupe kama minyoo. Tulitia ua jeupe kwenye maji yenye wino mwekundu, na kesho yake tukakuta mishipa ya ua imeshika wekundu. Nilizipenda siku hizo kuliko nilivyopenda sikukuu. Nilikuwa wa kwanza kuinua mkono, wa kwanza kuleta kilichoagizwa, na mwalimu alinitumia kama mfano kwa wengine. Kila msafara haukosi mjinga wake wa mbele, nami niliutangulia ule kwa furaha tele.

Kiangazi kilipofika kileleni tukaingia kwenye somo la maji. Mwalimu Hilda alituambia kila mmoja alete chupa ya maji, na alisisitiza kwamba yawe yale yale tunayokunywa nyumbani, tusiende kuyatafuta mengine. Alitaka tujifunze kuyachuja kwa mchanga na mkaa. Asubuhi yake nilichukua chupa ya soda iliyokuwa na mafuta ya taa zamani, nikaisugua kwa majivu mpaka ikalia, nikatumbukiza mkono mtungini na kuijaza mpaka shingoni. Mama alikuwa ameshakwenda bondeni. Nilitembea nayo mpaka shuleni nimeikumbatia kifuani, nikijua kwamba maji ya Mama Asumini ndiyo maji yaliyosifiwa kuliko yote Kitangari.

Chupa zilipangwa juu ya benchi kwenye veranda, kila moja na karatasi yenye jina, na mwalimu akasema tuziache zitulie mpaka kesho. Kesho yake tulitoka nje kwa mistari. Nilianza kutazama kutoka mwanzo wa benchi, nikipita maji meupe, maji ya manjano kidogo, maji yenye vumbi la salfa lililoelea juu. Kisha nikakiona kicheko kabla sijaisikia sababu yake, nyuso zikianza kukunjuka upande wa mwisho wa benchi. Chupa yangu ilikuwa na matope mekundu chini, mazito, unene wa vidole viwili. Juu ya matope, katika maji yaliyobaki ya rangi ya chai, viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinajikunja na kujikunjua, vikipanda na kushuka kama vimefurahi. Mtoto mmoja akaiweka ile balbu ya maji mbele ya chupa ili avione vizuri, na vikawa vikubwa kama vidole. Darasa zima likacheka. Nilicheka na mimi, kwa kuwa sikujua la kufanya na uso wangu.

Kicheko kilikatwa na Rashidi. Rashidi alikuwa mtoto wa mwenye duka, na kwao walinunua maji kwetu tangu kisima chao kikauke. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyegundua jambo. Alisema, "Lakini haya si ndiyo maji tunayonunua sisi?"

Mwalimu Hilda aliiondoa chupa yangu haraka, akasema maji yoyote hutulia na kutoa mashapo, akasema ndiyo maana tunajifunza kuchuja. Chupa ya Rashidi mwenyewe ilikuwa palepale, maji yake maangavu, lakini alipoulizwa alieleza kwamba mama yake huyachemsha na kuyachuja tena kwa kitambaa kizito, na wote tukaona kwamba hiyo ndiyo sababu. Hata mimi niliona hivyo. Nilirudi dawatini nikiamini kwamba mama yangu anawauzia watu matope, na kwamba kanga ile aifuayo kila siku ni ya kuwapumbaza macho.

Maji yakimwagika hayazoleki, na maneno ya watoto wa shule humwagika kila mlango. Jioni ile walikuja wateja wachache. Jioni iliyofuata hakuja mtu. Mama alikaa jikoni kando ya pipa lililojaa, kata mkononi, akisikiliza njia. Nilijua kinachoendelea na sikuweza kumwambia. Alikuja kuambiwa na mwanamke wa foleni kule chemchemini, kwa lugha ya kuzunguka, na aliporudi aliniuliza swali moja tu: maji niliyopeleka shuleni niliyachota wapi. Nikamwonyesha mtungi. Aliutazama mtungi, akanitazama mimi, akaenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka jua likazama. Hakunipiga wala hakunigombeza. Laiti angenipiga ningejua nimekosa nini.

Siku zile za kukosa wateja zilikuwa za ajabu. Muhogo tulioanika ulianza kupungua kwenye kiroba, mboga ikawa ile ile ya kisamvu bila karanga, na mama akaacha kupita njia ya sokoni. Lakini pipa lilikuwa limejaa, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumuuzia, tulikunywa humo humo. Kwa mara ya kwanza nilikunywa maji yasiyo na ladha ya udongo, na nikayaona hayana ladha kabisa. Bakari, ambaye tumbo lake lilikuwa likimwendesha mara kwa mara tangu aachishwe ziwa, mpaka watu wakasema ndivyo alivyoumbwa, alipitisha siku nyingi bila kukimbilia chooni. Uso wake ukajaa kidogo. Mama alimtazama sana siku hizo, akimshika tumbo kwa kiganja akidhani hatuoni.

Mwalimu Hilda alikuja nyumbani alasiri moja. Alipiga hodi kwa adabu, akamwamkia mama shikamoo ijapokuwa yeye ndiye aliyekuwa mwalimu, na mama akaitikia marahaba bila kuinua macho. Mgeni akitoka njiani hupewa maji. Mama aliniashiria, nikaenda kuchota kwenye pipa kwa kata, nikaleta kwenye kikombe cha bati, nikapiga goti. Mwalimu alikunywa, kisha akakiinamisha kikombe kuelekea kwenye mwanga, akatazama ndani. Aliuliza, kwa sauti yake ndogo, kama haya ndiyo maji yaliyokuwa kwenye chupa yangu. Na wakati huohuo Bakari, ambaye alikuwa mchanga wa akili bado na hakujua kwamba dunia imesimama, aliingia akitoka kucheza, akasogeza sinia, akatumbukiza kopo kwenye mtungi wa mlangoni ambao haukuwa umemwagwa, akanywa mafunda mawili makubwa, akatoka.

Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema wazee. Siku ile aliijua na mwalimu. Nilimwona akiutazama mtungi, kisha pipa, kisha kipande cha kanga kilichoanikwa kambani, na akaelewa, nami nikaelewa wakati uleule, nikiwa bado nimepiga goti. Mama hakuwa amewauzia watu matope. Alikuwa amewauzia maji mazuri, na matope akatubakizia sisi. Sijui kama kuna jambo gumu kwa mtoto kama kuelewa kitu kizito mbele ya mgeni, pasipo mahali pa kukiweka.

Mwalimu Hilda alisema kwamba basi jambo ni jepesi: yeye mwenyewe ataliambia darasa, na atawaendea wazazi, awaeleze kwamba maji ya kuuza ni mengine. Ndipo mama alipoinua macho.

"Usiseme, mwalimu," alisema. "Waseme nauza maji machafu, nitavumilia. Wasije wakasema nawanywesha wanangu matope na mazuri nayauza."

Mwalimu alieleza, taratibu, habari ya vile viluwiluwi, na ya vijidudu visivyoonekana hata kwa balbu ya maji, ambavyo hukaa hata kwenye maji maangavu yasiyochemshwa. Mama alimsikiliza akiwa amekunja kanga mapajani. Nadhani mpaka siku ile aliamini kwamba udongo ni udongo tu, kwamba tumetoka kwenye udongo na udongo hauwezi kumdhuru mtu zaidi ya kumwachia ladha mbaya mdomoni. Aliuliza kama tumbo la Bakari linatokana na maji ya mtungi. Mwalimu alisema inawezekana sana, ingawa yeye si daktari. Mama alishukuru kwa ujio wake na kumsindikiza mpaka njiani. Aliporudi aliubeba mtungi, akaumwaga wote kwenye shimo la migomba, akausugua ndani kwa mchanga mpaka vidole vikachubuka.

Kiroba cha muhogo kilipobaki vumbi, mama alikuja shuleni. Tulikuwa kwenye kipindi cha sayansi, tumezunguka makopo ya mchanga na mkaa, tukitazama maji yakidondoka. Nilisikia baiskeli kabla ya kumwona, ule mlio wa mnyororo mkavu ambao ningeutambua popote. Aliiegemeza kwenye nguzo ya veranda. Alikuwa amefunga dumu moja upande mmoja, na kichwani alibeba mtungi wetu. Alivaa kanga zake za kwendea msibani, kwa kuwa ndizo zilizokuwa nzima. Mwalimu Hilda alitoka mlangoni akamwamkia, wakaongea chini kwa chini, na nilimwona mwalimu akitikisa kichwa kama anayemsihi aache. Mama akaingia.

Nyumbani mama aliongea Kimakonde, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kifupi, kikitafuta maneno. Watoto tulisimama wote tukaimba shikamoo mama, na yeye akaitikia akiangalia ubao. Aliomba bilauri mbili. Ya kwanza akaijaza kutoka kwenye dumu, ya pili kutoka kwenye mtungi, ambao alikuwa ameujaza tena kwa mashapo ya pipa kama zamani, kwa makusudi, ili ushahidi usipungue. Akaziweka kando kando kwenye meza ya mwalimu. Hapakuwa na haja ya kungoja zitulie.

"Haya ndiyo ninayouza," alisema, akiigusa ya kwanza. "Haya mengine ni ya wanangu. Aliyoleta Asumini ni haya. Waambieni mama zenu siuzi uchafu. Uchafu naubakiza nyumbani kwangu."

Kisha akaomba ile balbu. Mwalimu alimpa. Mama aliishika kwa vidole viwili kama kitu cha moto, akainama juu ya bilauri ya maji yetu, akatazama. Hapakuwa na viluwiluwi safari hii, nadhani. Yalikuwa maji ya siku ile ile. Kulikuwa na vipande vya majani na udongo ukizunguka. Lakini alitazama kwa muda mrefu sana, mgongo wake umetuelekea, na mabega yake, yale mabega ya kusukumia baiskeli, yalipanda na kushuka. Watoto waliacha kuitazama bilauri wakanitazama mimi. Wapo walionionea huruma, na hao ndio walionichoma zaidi. Nililitazama dawati langu. Kulikuwa na jina la mtu fulani limechongwa kwa kisu, mtu aliyemaliza shule kabla yetu, nami nililisoma jina lile nikalirudia mpaka mama akaondoka. Nilisikia akiniita jina langu mara moja, kwa upole, akipita. Baadaye mnyororo ukalia mpaka barabarani.

Wateja walirudi. Jioni ile ile alikuja Mama Rashidi mwenyewe, bila kumtuma mtu, akaomba msamaha kwa maneno mengi, na ndani ya ndoo yake tupu alikuwa ameficha kifuko cha mchele. Mama alimjazia maji, akamrudishia mchele wake. Walikuja na wengine, mmoja na viazi, mwingine na gauni la binti yake lililokuwa likimbana, na mama aliwarudishia wote, akiwatazama usoni, mpaka wakaacha. Kudharauliwa alikuwa amekuzoea. Huruma ndiyo iliyomtoa jasho. Kwangu mimi mambo yalikuwa rahisi zaidi na mabaya zaidi: shuleni niliitwa Mashapo. Jina hilo nilitembea nalo mpaka darasa la saba, na hata Rashidi, aliyewahi kugombana na wenzake kwa ajili hiyo, siku moja lilimponyoka mdomoni bila kukusudia, akanywea. Niliacha kuinua mkono kwenye kipindi cha sayansi. Mwalimu Hilda aliponiuliza nilimjibu, lakini sikumtafuta tena macho, na nadhani yeye pia aliyakwepa yangu. Mwaka uliofuata alihamishwa. Aliniachia ile balbu, imefungwa kwenye pamba, na nikaipa watoto wa jirani waichezee mpaka ikavunjika.

Nyumbani utaratibu ulibadilika kimya kimya. Kata ya kwanza, kabla ya mteja yeyote, iliingia kwenye sufuria letu na kuchemshwa. Mashapo yalimwagiwa migomba. Lakini maji ya kuuza yalipungua kwa kiasi hicho, na kipato nacho kikapungua, kwa hiyo mama akaongeza safari ya pili ya alasiri. Nilipokuwa sina shule nilimfuata, nikisukuma baiskeli kwa nyuma huku nikitazama visigino vyake vilivyopasuka. Kila nilipokunywa maji yale safi nilijua yametoka wapi. Bakari alinenepa. Magoti ya mama yalianza kuvimba masika yaliyofuata, na hayajapona mpaka leo.

Sasa mimi ni mtu mzima mwenye watoto. Uani kwa mama, Kitangari, kuna bomba, na ingawa halitoi maji kila siku, lina siku zake na watu wanazijua. Nyumba yake ina bati na tangi la plastiki jeusi. Baiskeli ilikwisha kuuzwa chuma chakavu. Bakari ni fundi ujenzi Mtwara, mtu wa miraba minne, na hakumbuki lolote. Ukimsimulia anacheka kama unamsimulia habari za mtoto mwingine. Mama hana kawaida ya kuyarejea mambo yale. Niliwahi kumuuliza mara moja tu, tukimenya maboga, kama alipobeba mtungi kwenda shuleni hakufikiri kwamba mimi nimo darasani.

"Nilifikiri," alisema. "Nilijua utaaibika. Lakini aibu haijawahi kumharisha mtoto." Akaendelea kumenya.

Nami nimekuwa mwalimu, wa sayansi, katika shule ya msingi huku Lupaso, upande wa Masasi. Wenzangu husema nafundisha vizuri kwa kuwa watoto wangu hushika vitu kwa mikono yao. Ninaotesha kunde, ninachuja maji kwa mchanga na mkaa, na siku hizi tunayo darubini ndogo ya plastiki inayofanya kazi zaidi ya balbu yoyote. Lakini kuna kitu kimoja nisichokifanya, na mwalimu mkuu wangu ameshanihoji juu yake. Sijawahi kumwambia mtoto alete kitu kutoka nyumbani. Maji ya somo nayachota mwenyewe, ndoo moja, kutoka kisima kimoja, na darasa zima linatazama maji hayo hayo. Hakuna anayechekwa. Lakini pia hakuna anayejua maji ya kwao yana nini. Yule mwalimu wangu wa zamani, katika kosa lake la siku moja, ndiye aliyelituliza tumbo la mdogo wangu; mimi, kwa uangalifu wangu wote wa miaka, sijui kama nimemponya mtoto hata mmoja. Jambo hilo hunijia ninaposahihisha madaftari.

Muhula huu, baada ya somo la maji, msichana mmoja wa darasa la nne alibaki nyuma wenzake walipotoka. Jina lake sitalitaja. Alitoa chupa kwenye mfuko wake wa madaftari, akaiweka mezani bila kuniangalia, akaniuliza kama tunaweza kuyatazama na haya. Niliufunga mlango. Tukaweka tone kwenye kioo, akatazama yeye kwanza, kisha mimi, kisha yeye tena. Nilimweleza nilichokiona, bila kupunguza na bila kuongeza. Aliuliza kama amwambie mama yake. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe, nimwamkie, tuongee wawili.

Tulitoka pamoja kuelekea kwao, njia ya katikati ya mikorosho. Watoto wengine walikuwa bado uwanjani wanacheza mpira. Tulipowakaribia nilimwona akiitoa chupa kwenye mfuko uliopasuka na kuiingiza chini ya sweta lake, akaishikilia kwa kiwiko. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna haja ya kuificha. Nikautazama umri wake, nikahamia upande ule waliokuwako wenzake ili nimkinge, tukaendelea kutembea.